Kitenzi Kibaya

Shemeji yangu aliitwa Ngali, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili, mrefu, mwembamba, chaki mfukoni hata siku za sikukuu, na jambo moja lilikuwa linamkosesha raha duniani: watu kuchanganya "ninge" na "ningali". Ukimwambia, "Mwalimu, ungekuja jana ungenikuta," anasimama palepale njiani na kuinua kidole. "Jana imekwisha. Ungalikuja, ungalinikuta." Halafu anakueleza, utake usitake. Ninge ni mlango ulio wazi: ningekula, maana yake chakula bado kipo, ni mimi tu kuvuta kiti. Ningali ni mlango uliofungwa: ningalikula, maana yake sahani zimeshaoshwa. Aliwasahihisha wenye maduka, aliwasahihisha makarani wa benki, na mara moja alimsahihisha msemaji wa familia msibani, jeneza bado liko mbele yetu. Dada yangu alimfinya paja mpaka akakaa.

Dada yangu ndiye aliyekuwa mke wake. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa shule aliyofundisha, na kazi hiyo yeye ndiye aliyenitafutia, kwa hiyo nilimpata nyumbani, nikampata na kazini. Ofisi yangu ilikuwa imebanwa kati ya stoo ya vitabu na darasa la kidato cha tatu, na ukuta wa katikati ulikuwa wa mbao nyembamba. Kila alichosema kilinifikia. Nimesoma kidato cha tatu mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na cheti sijapewa.

Kila mwaka, muhula wa pili, ilifika zamu ya hadithi ya ufunguo. Ilikuwa hadithi fupi ya zamani, ya kutisha, na yeye aliipenda kupita kiasi. Mume na mke wana watoto watatu wenye fujo. Mgeni anasahau kwao ufunguo usio na kitasa, na anayeushika ufunguo huo akasema anachotaka, anakipata. Baba anatoka kazini amechoka, anauokota bila kufikiri na kusema, "Natamani nyumba hii itulie." Nyumba inatulia. Watoto wanatafutwa kila mahali, hawaonekani. Siku nyingi baadaye mama anaushika ufunguo huku analia na kusema, "Natamani nisikie tena miguu ya wanangu ikikimbia sebuleni." Anaisikia. Miguu tu. Hadithi inaishia hapo.

"Nani muuaji katika hadithi hii?" Ngali alikuwa anauliza, na mimi upande wangu natulia kuchapa ili nisikie.

"Ufunguo!"

"Ufunguo ni jazanda. Hauna mikono. Mwingine."

"Baba, mwalimu!"

"Baba alisema nini?"

"Itulie."

"Basi muuaji ni kitenzi," anasema, na darasa linacheka, na yeye anasubiri wamalize. "Cheka, lakini andika. Sasa wewe unayecheka sana, ungesema nini badala yake?"

"Ningesema watoto wapunguze kelele."

"Wamekuwa mabubu. Mwingine."

"Watoto walale mapema!"

"Wamelala, hawaamki. Mwingine."

Alikuwa anaweza kuwazungusha hivyo kipindi kizima. Aliwaonyesha kidokezo kilichofichwa ukurasa wa kwanza, pale mama anapowatania watoto: "Siku mkinyamaza nyinyi, nitajua mmekufa." Aliwaeleza taharuki, kwamba mwandishi hatuonyeshi watoto kwa sababu tunachokijaza wenyewe ndicho kinachotutisha. Kinaya alikisema polepole ili hata wa nyuma wakiandike: kinaya ni kupewa ulichoomba, neno kwa neno. Na mwisho kabisa, kwa sauti ya mtu anayefunga duka: "Katika hadithi hakuna neno la bure."

"Katika ofisi hii pia," nilikuwa napiga kelele kupitia mbao, "punguza sauti, nakosea herufi!" Darasa lilikuwa linavunjika mbavu. Zile zilikuwa siku nzuri, na nazisema hapa ili usidhani alizaliwa na huzuni yake.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti. Alizaliwa kabla ya wakati, mdogo mno, baba yake akamchungulia kwenye kile kisanduku cha joto hospitalini na kusema, "Huyu ni nukta." Likashika. Nukta hakuwa mtu wa vitabu. Alikuwa msusi, mdomo wake unakwenda sawa na vidole, na wateja walikuwa wanapanga foleni nusu kwa nywele na nusu kwa maneno. Baada yake dada yangu hakupata mtoto mwingine. Hakuna aliyeyafikiria haya mawili kwa pamoja, jina na kutopata, isipokuwa baba yake, na yeye aliyafikiria baadaye sana.

Kisha dada yangu akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikufa wote, na ulimi ukaenda nao. Sitaki kukueleza miaka ile kwa kirefu. Ngali aliamka kabla ya jua, akamgeuza, akamwosha, akampaka mafuta mgongoni ili asitoke vidonda, akamnywesha supu kwa kijiko cha chai, halafu akaja shuleni kufundisha. Mimi nilikuwa naingia kwake jioni kusaidia kufua. Madaktari walitwambia mapema kwamba hatapona, na kwamba kiharusi cha pili kikija kitamchukua. Tulijua. Naomba ukumbuke hilo, kwamba tulijua.

Siku moja alasiri tulikuwa uani tunakunja mashuka, yeye ameshika ncha zake na mimi zangu. Dada alikuwa amejisaidia kitandani mara kadhaa tangu asubuhi, na mashuka yaliyokauka yalikuwa yanakaribia kwisha. Ngali alisimama, shuka mkononi, macho mekundu kwa uchovu, akasema si kwangu wala si kwa mtu yeyote, "Natamani sote tupumzike."

"Utapumzika shemeji, leo nitakaa naye mimi," nikamwambia. Ndivyo nilivyomwelewa. Ndivyo mtu yeyote mwenye akili timamu angalimwelewa.

Kiharusi cha pili kilikuja kesho yake, mchana. Alikufa kabla gari halijafika.

Nilidhani najua kitakachofuata: kilio, watu, mazishi, na baadaye ile nafuu ambayo mtu anaionea haya. Lakini majirani walianza kuingia, mmoja mmoja, kumpa mkono mfiwa, na kila mmoja akasema kile ambacho kila mtu husema mgonjwa wa muda mrefu anapofariki. "Pole sana mwalimu. Amepumzika." Mwingine: "Usilie, mwalimu. Amepumzika sasa." Nilikuwa nimekaa karibu naye kwenye mkeka na niliona alivyokuwa anashtuka. Kila aliyeingia alikuwa na neno lilelile. Alipofika jirani yetu fundi viatu, mtu mpole asiyeweza kumkosea nzi, akainama na kusema, "Afadhali amepumzika, na wewe upumzike," Ngali akauchomoa mkono wake, akainuka, akaenda kujifungia bafuni.

Nilimfuata, nikagonga mlango. "Shemeji, toka. Watu wanauliza."

"Nilichagua kitenzi kibaya," akasema kutoka ndani.

"Kitenzi gani tena?"

"Pumzika. Kina maana mbili. Mimi nafundisha maana mbili, mimi! Ningalisema 'tupate nafuu', ningalisema 'tupate msaada'. Nimesema 'tupumzike'."

Nikadhani ni msiba unaongea. Nikamwambia wewe ni nani hata maneno yako yaue mtu, Mungu ana kazi ya kusikiliza mashuka yenu? Nilimsema vibaya, kwa sababu aliyekufa alikuwa dada yangu na mimi pia nilikuwa na kilio changu. Akatoka, akanawa uso, akakaa tena kwenye mkeka. Hatukuzungumza tena habari hiyo siku ile.

Lakini tangu wakati huo hakumtakia mtu chochote, kizuri wala kibaya. Mwanzoni hukuweza kugundua. Sisi maneno ya kutakiana heri yanatutoka kama pumzi, hatuyasikii mpaka yakosekane. Ukimwambia unasafiri, anakuuliza basi linaondoka saa ngapi. Safari njema hasemi. Mwalimu mwenzake akilazwa, anakwenda kumwona na machungwa yameshamenywa, anakaa, anaondoka, na "upone haraka" haijamtoka. Mimi niligundua kwenye mitihani. Miaka yote, chini ya swali la mwisho, alikuwa anaandika kwa mkono wake: "Nawatakia mtihani mwema. Msiandike pumba." Nilikuwa naichapa huku nacheka. Mtihani wa kwanza baada ya msiba ukaja mezani kwangu, chini ya swali la mwisho hakuna kitu. Nikaichapa mwenyewe ile sentensi, kwa ujeuri. Akaja amekunja uso, akaifuta kwa kalamu nakala moja moja, rundo zima la darasa, na mimi namtazama.

Hadithi ya ufunguo nayo aliiacha. Muhula wa pili ulipofika nilisikia anasema, "Hiyo someni wenyewe nyumbani," na darasa likaguna. Ila yeye mwenyewe hakuiacha. Alianza kuyasoma maisha yake kama anavyosoma ile hadithi, anapekua ukurasa wa kwanza kutafuta kidokezo. Alinikumbusha kwamba siku ya harusi yao dada alitania, "Huyu mtu atanisahihisha mpaka kaburini." Alinikumbusha kwamba alimwita mwanawe Nukta, na nukta ni mahali sentensi inapoishia.

"Shemeji," nilimwambia, "watu wanasema maneno elfu kwa siku. Ukitaka kidokezo, hukosi."

"Katika hadithi hakuna neno la bure."

"Hii si hadithi. Hii ni sebule yako, na ina vumbi."

Alitabasamu kidogo, akachukua kitambaa akafuta meza.

Basi Nukta akapata mimba. Mumewe alikuwa fundi wa minara ya simu, mtu wa kupanda na kushuka milima, wiki nyingi hayupo, na miezi ya mwisho ilipofika Nukta akarudi kukaa kwa baba yake. Presha yake ilikuwa juu. Miguu ilivimba mpaka akawa anavaa ndala za baba. Kliniki walimwambia wazi: kichwa kikiuma sana, au tumbo, au akiona damu, asisubiri hata kumaliza kunywa chai. Aliogopa. Nukta, ambaye alikuwa na jibu kwa kila mtu sokoni, aliogopa kama mtoto, na alitaka kitu kimoja.

Watu waliokuja kumwona walimtakia kile kinachotakiwa mwenye mimba. "Ujifungue salama." "Mungu akufungulie." "Utoke na furaha mikononi." Kila mgeni alipoanza, Ngali aliinuka, akaenda kuangalia kama bomba la uani linavuja. Halikuwa linavuja. Kwa matendo hukuweza kumlaumu. Alimkanda miguu, alimfulia, alilala kwenye kiti nje ya mlango wake. Mdomo tu ndio ulikuwa umefungwa.

Jumapili moja baada ya chakula tulikuwa watatu sebuleni. Nukta ameegemeza miguu juu ya kibao, mimi namtengeneza kucha.

"Baba," akasema, "watu wote wameniombea. Umebaki wewe."

"Nipo, mwanangu."

"Najua upo. Sijasema uwepo. Niambie nijifungue salama, basi. Maneno mawili."

"Nikisema nitakosea neno."

"Kosea tu. Mimi nitajua ulichomaanisha."

"Wewe utajua," akasema. "Neno halitajua."

Nukta akanitazama, halafu akatazama dirishani, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. "Mama angekuwepo angeniombea," akasema.

Na hapo, Mungu amsamehe, kidole kikainuka chenyewe. "Angalikuwepo," shemeji yangu akasema, "angaliniombea."

Nilitamani kumtupia chupa ya rangi ya kucha. Lakini Nukta akacheka, ndani ya machozi yake, akacheka mpaka akashika tumbo, na baba yake naye akacheka kwa aibu, na mimi nikajikuta nacheka nao. Tulipomaliza kucheka, sentensi aliyoiomba ilikuwa bado haijasemwa. Akakausha uso kwa ncha ya kanga yake. "Si lazima leo," akamwambia baba yake. "Ila kabla sijaingia chumba kile, nataka kuisikia. Sitaki kuingia peke yangu."

"Utaisikia," akasema. Nilikuwapo. Aliahidi.

Wiki iliyofuata, shule ikiwa imekwisha na wanafunzi wametoka, nilisikia chaki upande wa pili wa mbao. Inaandika, inasimama, inafuta. Nikaenda kuchungulia. Ubao wote ulikuwa umejaa. Juu kabisa ameandika "Ujifungue salama", na chini ya "salama" mstari, na kando swali: salama nani? Chini yake, "Mtoke salama nyote wawili." Hiyo ameikata kwa alama ya msalaba, na kando: kutoka kwenda wapi? Kisha, "Niwaone wewe na mtoto." Imekatwa.

"Hii ina ubaya gani?" nikauliza.

"Hata maiti huonekana," akajibu bila kugeuka.

Chini yake alikuwa ameanza, "Mrudi nyumbani kwa miguu yenu." Hii alikuwa ameifuta kwa kiganja, lakini bado ilisomeka, na sikuuliza sababu. Niliikumbuka miguu ya sebuleni.

"Shemeji, hii ni dua, si mkataba wa nyumba."

"Dua ni maneno."

"Dua ni baba na mwanawe! Nenda nyumbani sasa hivi, mwambie 'ujifungue salama' kama watu wengine, umalize. Unamtesa."

Akageuka. Alikuwa na chaki mpaka kwenye nyusi, na nilimwonea huruma hata nilipokuwa namkasirikia. "Nikikosea huyu," akasema, "sina mwingine wa kukosea."

Ikamchukua siku kadhaa. Kila jioni baada ya masomo alibaki pale, na mimi nikawa nabaki ofisini kwa sababu sikuweza kumwacha na ubao ule peke yake. Alasiri ya Alhamisi aliniita. Alikuwa amefuta kila kitu, na katikati ya ubao kulikuwa na sentensi moja kwa mwandiko wake wa mitihani:

"Naomba wewe na mtoto utakayemzaa leo muishi, muwe na afya, mzeeke, kila mmoja kwa wakati wake, na asitangulie mtoto."

"Tafuta tundu," akaniambia.

Nikaisoma mara mbili. "Sioni tundu."

"Hata mimi." Sauti yake ilitetemeka kwa furaha. Sikuwa nimemwona hivyo tangu dada yangu alipopoteza usemi. "Nakwenda kumwambia kwamba ninayo. Sasa hivi nakwenda."

Simu ya ofisini ikalia. Nilijua kabla sijaipokea, na ninaposema nilijua simaanishi kidokezo. Nilijua kwa sababu hakuna mtu anayepiga simu shuleni saa ile. Alikuwa jirani, fundi viatu. Nukta amepata maumivu makali ya tumbo na ametoa damu, yeye amempakia kwenye teksi, iko njiani kwenda hospitali.

Sisi tulikuwa karibu zaidi na hospitali kuliko nyumbani. Tulikwenda mbio, watu wazima wawili barabarani, mimi viatu mkononi. Njia nzima alikuwa anairudia ile sentensi chini ya pumzi. Tulifika kwenye varanda ndefu ya wodi ya wazazi wakati uleule wanamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu kumpeleka chumba cha upasuaji. Uso wake ulikuwa umepoteza rangi. Alimwona baba yake, akanyoosha mkono.

"Baba. Sema."

Akaushika ule mkono kwa mikono yake yenye chaki. "Nukta," akasema. "Naomba wewe na mtoto utakayemzaa..."

Akasimama.

Nilikuwa nimesimama pembeni yake, nikaona midomo yake inarudi nyuma, inalijaribu neno, inaliogopa. Nukta alikuwa anamtazama kwa macho yote. Mimi moyoni nilikuwa nalia, sema tu, sema chochote, sema pumba. Mkunga akamgusa bega. "Mzee, tupishe, hatuna muda." Kitanda kikaenda. Vidole vya Nukta vikatoka kwenye vyake, na milango miwili ya kijivu ikafunguka, ikamla, ikafunga.

Hapo ndipo akaimaliza. Aliusogelea mlango na akaisema yote, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya darasani, bila kigugumizi. Aliuambia mlango.

Baadaye tulipokaa kwenye benchi alinieleza, ingawa sikumwuliza. Alikwama kwenye "leo". Aliiandika ili isemwe siku yenyewe, lakini pale mbele ya mwanawe aliisikia upya: utakayemzaa leo, muishi. Je, ingeweza kusomeka waishi leo? Leo tu? Alikuwa anatafuta neno la kuweka badala yake. Nilimsikiliza mpaka mwisho, halafu nikahama, nikakaa benchi la pili. Sikuweza kukaa karibu naye.

Tulingoja. Nilimpigia mume wa Nukta huko mlimani, akasema anashuka. Watu walipita na chupa za chai na mashuka. Mahali kama pale panatakiwa pawe na kelele, na sehemu nyingine za jengo zilikuwa nazo, lakini nyuma ya ile milango palikuwa pametulia. Nilitega sikio mpaka likauma. Ngali pia alikuwa anasikiliza, kichwa amekiinamisha, na nilijua hadithi gani inampitia.

Mkunga akatoka amevua barakoa. Watu wa kazi ile wamejifunza kuanza na nusu iliyo njema. "Mama yuko salama," akasema.

Shemeji yangu alifunga macho. Alikwisha kuisikia nusu ya pili.

Kondo la nyuma lilikuwa limeachia mapema, kwa ajili ya presha. Mtoto, wa kiume, alikuwa amekufa kabla hawajamfikia. Daktari alitueleza kwa upole, akasema hata wangalimfikisha nusu saa mapema huenda isingalisaidia. Nami nasema wazi, kwa sababu najua watu wanavyopenda kusuka: neno lile lisingalimwokoa mtoto. Hakuna neno lingalimwokoa, zuri wala baya, kama ambavyo hakuna neno lililomuua dada yangu. Lakini Nukta asingaliingia chumba kile peke yake. Hicho tu ndicho alichokuwa ameomba, na hicho kilikuwa ndani ya uwezo wa baba yake, na baba yake alikuwa anatafuta neno la kuweka badala ya "leo". Mpaka sasa nikikumbuka nashikwa na hasira, na hasira yenyewe inanichosha kwa sababu nampenda.

Walituruhusu kumwona jua lilipokuwa linazama. Alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Kitanda cha jirani kulikuwa na mama anayenyonyesha, na mtu mmoja mwenye huruma alikuwa amevuta pazia katikati, lakini kunyonya kulisikika. Nikamshika mguu juu ya shuka. Bado ulikuwa umevimba.

Ngali akakaa kwenye kiti cha chuma. Chaki ilikuwa imekauka vidoleni, na sasa nikaona kwamba kwenye kiganja cha Nukta pia ilikuwapo, imebaki pale aliposhikwa. Midomo ilikuwa inafanya kazi.

"Mwanangu," akasema mwisho. "Nilikuwa nayo sentensi. Nilikuwa nayo mdomoni." "Ningekuombea. Nukta, ningekuombea."

Nukta akageuza kichwa polepole kwenye mto. Hakuwa na machozi. Alimtazama baba yake, na kidole chake kikainuka kidogo juu ya shuka, kile kidole tulichokijua sote.

"Ningali, baba," akasema. "Sema ningali."

Shemeji yangu akakaa wima, kama mwanafunzi aliyeitwa jina.

"Ningalikuombea," akasema.